Mtaalamu wa Vyuo vya Wengine

Ukitaka kumuuliza Polycarpe Kyungu habari za vyuo vikuu vya kihistoria vya Wamarekani Weusi, hakikisha kwanza umeshakula. Angekushika kiwiko, akuvute pembeni, akueleze jinsi chuo cha aina ile kinavyoubeba mji mdogo mgongoni huko kusini mwa Marekani: kinavyoajiri wapishi na mafundi bomba, kinavyowapa wenye nyumba wapangaji, kinavyomwezesha kinyozi wa mtaani kusomesha watoto wake kwa vichwa vya wanafunzi. Alikuwa na slaidi za jambo hilo. Alikuwa nazo kwa Kifaransa, kwa Kiingereza, na chache kwa Kiflamandi alizotafsiriwa na mkewe. Marekani kwenyewe alikaa wiki moja, nusu yake akiuguza tumbo hotelini. Lakini kuna watu wanaokaa mahali maisha yao yote wasipate hata slaidi moja, na Kyungu hakuwa mmoja wao.

Ofisi yake ilikuwa karibu na kituo cha metro cha Schuman, mjini Brussels. Kazi yao pale ilikuwa kuandika ripoti ambazo wateja wakubwa waliziagiza ili waweze kusema wameziagiza. Mkurugenzi, Hervé, alikuwa Mbelgiji mwembamba wa kuvaa skafu hata Julai, na alimpenda Kyungu kwa dhati. Kila alipomtambulisha kwa mgeni alisema, "Huyu ndiye anayetuletea uhalisia." Kyungu, daktari wa uchumi, mzaliwa wa Lubumbashi, aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeubeba uhalisia huo kwenye mkoba wake na anaogopa usimwagike.

Jioni moja alirudi nyumbani kwao Etterbeek akamkuta mkewe, Rolande, anavua viatu vya kazi. Rolande alikuwa muuguzi, na viatu vile vilikuwa vimesimama kutwa nzima.

"Maman Mauwa anakutafuta," alisema.

"Ju ya nini?"

"Enda umuulize mwenyewe. Miye niko facteur wa kubeba barua?"

Maman Mauwa hakuwa mtu wa kukataliwa wito. Alikuja Ubelgiji zamani akitokea Kolwezi, mwalimu wa Kifaransa, mwenye mwandiko wa kuogofya, akashuhudia jinsi diploma za Lubumbashi na Bukavu zilivyogeuka karatasi za kufungia karanga mara ndege ilipotua Zaventem. Madaktari walikuwa wanafagia korido, wahasibu wanabeba mizigo. Akakodi chumba juu ya duka la viatu lililofungwa, kwenye kijibarabara kilicho nyuma ya Porte de Namur, akafungua Institut Tujikaze. Chumba kikawa ghorofa, ghorofa ikawa mbili. Alifundisha Kifaransa cha ofisini, Kiflamandi cha kumridhisha mwajiri, uhasibu, kazi ya kutunza wazee, na maandalizi ya mitihani ya uuguzi. Walimu Waafrika, wanafunzi Waafrika, ukiondoa Wamoroko wachache na mzee mmoja wa Kipolandi aliyeingia siku moja kukwepa mvua akatoka na cheti. Hakuna aliyekiita chuo hicho cha kihistoria, kwa sababu kilikuwa bado hai.

Kyungu naye alipita pale. Alifika mjini na shahada mbili ambazo hakuna aliyetaka kuziona, na ni Maman Mauwa aliyemfundisha kuandika ripoti ya Kibelgiji: namna ya kuanza kwa hitimisho na kumaliza kwa shukrani. Ni pale pale, kwenye ngazi, alipokutana na Rolande. Mambo hayo hayakuwemo kwenye slaidi.

Alimkuta mama yule anasahihisha imla, kalamu nyekundu mkononi, miwani puani.

"Bonsoir, maman."

"Kaa, Poly. Bon. Balishauzisha nyumba. Propriétaire mupya, mwenye nyumba, anataka kufanya mo appartements za ba touristes. Commune, ile baraza ya mutaa, itatusikiliza mardi, mbele ya kumupa ruhusa. Ile bintu unasemaka juu ya Baamerika, uiseme pia juu yetu. Dakika tano tu."

Kyungu alirekebisha tai, ingawa ilikuwa imekaa vizuri. "Maman, tatizo ni données, takwimu. Ku Amerika kuko études za myaka na myaka. Hapa hakuna kintu. Alors, miye kama scientifique, siwezi kusimama tu hivi na kusema."

"Poly. Kila mangaribi batoto banashuka ile ngazi, banaenda kula kwa Kahambu, banakata nywele kwa Dady, banapiga photocopies ku kona. Macho uko nayo?"

"Macho haiko méthodologie, maman."

Maman Mauwa aliweka kalamu chini. Kyungu alifikiri ni dalili njema, akaendelea kwa sauti ile ya mikutanoni. "Unaona, juu nijue masomo yenu, hii shule, inaletaka nini, lazima nijue barabara ingekuwa namna gani bila masomo."

"Ingekuwa kimya."

"D'accord, lakini kimya ya namna gani?"

Mama yule alimtazama kwa muda, kama vile anavyotazamwa mwanafunzi aliyeandika jina lake vibaya. Kisha akachukua kalamu yake. "Mardi," alisema. "Uvae ile costume ya bleu."

Jumanne Kyungu alivaa suti ya bluu, akaenda. Ukumbi wa baraza ulikuwa umejaa hadi mlangoni: wanafunzi, watunza wazee waliotoka kazini na majina yao bado vifuani, na Kahambu, mwenye mkahawa, Mnande wa Butembo, mpole wa sauti na mpana wa mabega, aliyeacha sufuria zake kwa mara ya kwanza siku ya kazi. Rolande alikaa katikati yao. Maman Mauwa alisema maneno machache, halafu akamwita "mwanafunzi wetu wa zamani, Daktari Kyungu, mtaalamu wa jambo hili hili".

Mwenyekiti wa kikao, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimuuliza swali rahisi: "Daktari, kwa maoni yako, chuo hiki kinachangia uchumi wa mtaa?"

Neno lililohitajika lilikuwa fupi. Kyungu alilihisi ulimini. Lakini pembeni, karibu na dirisha, alimwona bwana mmoja wa shirika la kufadhili tafiti, yule yule ambaye Hervé alikuwa akimnywesha kahawa mwezi mzima, na ghafla aliona aibu kuonekana mtu wa upande fulani. Aliona aibu, kwa kifupi, kuonekana ndugu yao.

"Kwa hali ya takwimu zilizopo," alisema kwa Kifaransa kilichonyooka, "haiwezekani kuthibitisha, wala haiwezekani kukanusha."

Katibu aliandika nusu ya kwanza. Nusu ya pili haikumfikia, au haikumvutia. Kibali cha mwenye nyumba kilipita.

Usiku ule Rolande hakugomba. Alipika, akala, akaosha sahani moja na uma mmoja, akaenda kulala.

Institut Tujikaze ilihama kabla ya Pasaka. Malori yaliendeshwa na wanafunzi wa zamani. Madawati yalishushwa ngazini na wauguzi wanaojua kubeba kitu bila kukigonga. Ilihamia ng'ambo ya mfereji, kwenye gereji ya zamani ya matairi ambayo kodi yake ilikuwa nafuu kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeweza kuvumilia harufu. Kyungu hakwenda kusaidia. Alikuwa Lisbon, akizungumza juu ya mshikamano baina ya vyuo vya watu weusi na majirani zao.

Alichokuja kukiona baadaye kilimpata bila kutazamia, kwa njia ya ndevu. Kila Jumamosi alikuwa na desturi ya kwenda kwa Dady kinyozi, kisha kuketi kwa Kahambu mbele ya bukari, sombe ya majani ya muhogo na visamaki vya fretins vilivyokaangwa hadi vikalia chini ya jino. Kahambu aliuita ugali ule bugali, kama wanavyouita kwao Kivu, na kila Jumamosi Kyungu alimsahihisha. Sasa alikuta mwenye fotokopi ameondoka. Wiki iliyofuata, Dady alikuwa ameng'oa viti. "Docteur, vichwa vilihama," alimwambia akifunga sanduku, "nami nafuata vichwa." Baada ya hapo ikawa zamu ya bibi wa kuuza nywele na vitenge. Mahali pake likaja duka la sigara za mvuke, halafu likaja la pili, labda ili la kwanza lisijione mpweke. Na siku moja ya manyunyu Kyungu alisimama mbele ya mkahawa wa Kahambu, njaa inamuuma, ndevu zimemtimka, akakuta lango la chuma limeshushwa.

Alihuzunika. Tusimnyime haki yake: kwa muda wa kutosha taa ya barabarani kubadilika rangi, alihuzunika kwelikweli. Alikumbuka zile jioni za zamani, kelele za ngazini, mtu akiulizia Kiflamandi cha neno "mgongo", Rolande akicheka na kitabu kichwani kujikinga mvua. Kijibarabara kilikuwa kimya. Kimya kabisa, toka mwanzo hadi kona.

Ndipo wazo likamjia, likamkausha manyunyu yote mwilini. Barabara bila chuo! Kile alichosema hakiwezi kupatikana kilikuwa kimejileta chenyewe hadi miguuni pake. Alitoa simu, akaanza kupiga picha malango yaliyofungwa, moja baada ya jingine, akirudi nyuma hatua kadhaa kutafuta mwanga mzuri.

Jumatatu alimweleza Hervé. Hervé alisimama kwa furaha, skafu ikamponyoka.

"Lakini huu ni uzuri mtupu, Polycarpe! Hapa hapa kwetu! Kwa nini hatukuufanya utafiti huu mapema?"

"Kwa sababu chuo kilikuwa bado kipo," alijibu Kyungu. Hakuwa anatania.

Ufadhili haukukawia. Fedha ambazo hazikuonekana kwa miaka yote Maman Mauwa alipoziomba kwa ajili ya paa, zilionekana upesi kwa ajili ya kuchunguza kutokuwepo kwa chuo. Kyungu aliajiri vijana wawili wa chuo kikuu kuhesabu wapita njia wasiopita. Alichora mikondo iliyoporomoka kwa rangi nyekundu. Alithibitisha kwamba chuo kile kidogo kilikuwa kikilisha barabara nzima, kwamba hata bei ya nyumba za jirani ilikuwa imeegemea ngazi zile za duka la viatu. Ripoti ilitoka nzuri, nzito, yenye jalada la kung'aa: *Utupu Unaosema*. Picha ya jalada ilikuwa lango la Kahambu, na kutu yake yote. Kahambu hakuulizwa, kwani hakuwepo. Ndiyo ilikuwa hoja yenyewe ya ripoti.

Kwa uzinduzi, Hervé alitaka kile alichokiita sauti ya jumuiya. Binti mmoja wa ofisini alimpigia simu Maman Mauwa na, baada ya salamu nyingi, akamwomba kwa upole, kama isingemsumbua, azungumze kwa lugha yake mwenyewe. Ingeleta ukweli zaidi ukumbini. Maman Mauwa, aliyewafundisha nusu ya wauguzi weusi wa Brussels tofauti ya "ces" na "ses", maneno ya Kifaransa yanayosikika sawa, akajibu, "Sans problème, mademoiselle." Mkalimani wa Kiswahili hakuwepo katika bajeti. Kyungu akajitolea. Alishaiona picha yake akilini: yeye na mama mzee, bega kwa bega.

"Usikubali," Rolande alimwambia. "Ule mama unamujua."

"Ni mama muzee, anafurahi balimwalika."

"Poly, ule hakufurahiaka kualikwa hata siku moja."

Ukumbi ulikuwa na mazulia ya kumeza hatua na maua ya okidi kila meza. Mbele walikaa wateja. Nyuma, karibu na mlango, walikaa Rolande, wauguzi wenzake na wanafunzi wengine wa zamani. Walinzi wawili wa mlangoni walikuwa vijana wa Goma. Kyungu alionyesha mikondo yake, akapigiwa makofi. Kisha akamsaidia Maman Mauwa kupanda jukwaani, ingawa hakuhitaji kusaidiwa. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani na viatu vya shuleni.

"Miye ni Mauwa," alianza. "Huyu muntu anasimama hapa kando yangu, njo miye nilimufundisha kuandika. Alifika ku masomo yangu na cravate moja ku shingo na kiburi ya batu kumi. Cravate alishabadilisha."

Nyuma kulilipuka kicheko. Kyungu alisogeza kipaza sauti. "Madame anasema," alitafsiri kwa Kifaransa, "kwamba tunafahamiana kwa miaka mingi, na kwamba amenishuhudia nikibadilika."

Mstari wa mbele ulitabasamu. Hervé aliweka mkono kifuani.

"Masomo yetu ilipokuwa pale, tulimuomba aseme neno moja. Njo vile: neno moja. Akasema hajui. Sasa masomo imeenda, Kahambu amefunga, barabara imekufa. Leo anajua byote, na anaandika mu kitabu ya picha."

"Madame anasisitiza," alisema Kyungu, "umuhimu wa takwimu kupatikana kwa wakati."

Mlinzi mmoja alilazimika kutoka nje. Alionekana kwenye kioo cha mlango, ameinama, ameshika magoti.

"Iko sawa na docteur mwenye kukataa kupima mugonjwa, anakaa anangojea afe, kisha anakuya na furaha kupima maiti. Na batu banamupigia makofi juu maiti haikusumbua."

Kyungu alirekebisha tai. "Madame analinganisha kazi yetu," alisema, "na kazi ya udaktari."

Watu wa mbele walipiga makofi. Watu wa nyuma walikuwa wanalia, wengine wameegemeana. Hervé aligeuka kuwatazama, akafurahi sana kuona jumuiya inavyoguswa.

Ndipo Maman Mauwa alipovaa miwani yake, akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Kyungu, taratibu, kama anavyonyang'anywa mtoto mkasi, na kusema kwa Kifaransa cha kitabuni, kila herufi mahali pake:

"Mabibi na mabwana, nawaomba radhi. Tafsiri ya Bwana Kyungu ina makosa kadhaa, na mwalimu hawezi kuyaacha yapite. Tuyasahihishe pamoja."

Akayasahihisha. Sentensi moja moja. Alirudia alichosema yeye, akarudia alichosema Kyungu, akaeleza kosa ni la aina gani: hapa neno limeachwa, hapa maana imegeuzwa, hapa mwanafunzi hakuelewa swali, au alilielewa vizuri mno. Hakupandisha sauti. Alipofika kwenye maiti, bwana yule wa shirika la ufadhili alianza kutazama okidi zake kwa makini makubwa. Kyungu alisimama pale pale, mikono imening'inia, na kile alichokuwa anahisi hakikuwa aibu ya mtu mzima bali hofu ya zamani sana, ya kungoja karatasi igeuzwe.

"Quatre sur vingt," alimaliza Maman Mauwa. "Nne kwa ishirini. Mwandiko ni mzuri."

Kisha mtu mmoja mbele akasimama, akapiga makofi; na kwa kuwa katika kumbi za aina ile hakuna anayetaka kuwa wa mwisho kusimama, wakasimama wote. Hervé alipanda jukwaani machozi yakimlengalenga.

"Ni jambo la kipekee!" alimnong'oneza Kyungu. "Ujasiri gani huu! Mlifanya mazoezi?"

Kyungu alimtafuta Rolande kwa macho. Rolande alikuwa anamtazama moja kwa moja, akingoja jibu, kana kwamba alisikia swali.

"Bila shaka," alisema Kyungu. "Wiki nzima."

Kwa hiyo hakuna kilichomharibikia. Nasema hivi kwa sababu najua kuna wasomaji wanaopenda mtu wa namna hii aanguke ngazi. Hakuanguka, alipanda. Alifanywa mkuu wa kitengo kipya cha kushirikisha jumuiya, akapewa ofisi yenye dirisha. Nyumbani tu ndiko mambo yalikuwa mengine. Rolande aliongea naye kwa Kifaransa, Kifaransa kile cha wodini: umekula, umelala, vidonge viko pale.

Ng'ambo ya mfereji, wakati huo, mtaa wa matairi ulikuwa umeanza kuchangamka. Kahambu alifuata na sufuria zake, akapanga kibanda ukuta kwa ukuta na gereji. Dady alifuata na mashine zake. Mturuki mmoja aliyekuwa anauza mazulia kwa unyonge aliweka mashine ya fotokopi, na baada ya muda akaondoa mazulia. Harufu ya matairi ilishindwa na harufu ya vitunguu. Kila jioni gereji ilimwaga watu barabarani, na barabara ikawapokea.

Jumapili moja, baada ya misa, simu ya Kyungu ililia. Ilikuwa Maman Mauwa. Hakuwa amempigia tangu siku ya jukwaani, na Kyungu aliipokea amesimama, shati amelichomekea.

"Poly, propriétaire wa gereji alikuya. Alikuya na kitabu yako."

"Ripoti yangu?"

"Ile ya lango ya Kahambu. Aliisoma yote, alipiga mistari na marqueur ya jaune. Anasema imehakikishwa sasa: masomo yetu inapandishaka bei ya nyumba za barabara yote. Donc, anasema si haki yeye peke yake asipate. Anapandisha loyer, kodi yetu. Tukikataa, tutoke."

Kuna kitu kilimpanda Kyungu kifuani, joto fulani, naye akapigana nacho kidogo, lakini kidogo tu.

"Maman," aliuliza, "alitaja page gani?"

Rolande alikuwa mlangoni. Alivuka chumba, akaichukua simu sikioni mwa mumewe, akatoka nayo hadi barazani na kufunga mlango wa kioo. Kyungu alimwona akizungumza, akitembeza mkono, kisha akipiga simu nyingine, na nyingine. Aliendelea hadi chakula cha mchana kikapoa.

Rolande hakuwa na slaidi. Alikuwa na namba za simu. Waliopita Institut Tujikaze walikuwa wametapakaa mji mzima: kwenye wodi na nyumba za wazee, kwenye usukani wa mabasi, kwenye kaunta za benki, mmoja alikuwa wakili, mwingine mthibitishaji wa hati za nyumba, mwembamba wa maneno, aliyewahi kufeli imla ya Maman Mauwa mara nyingi kuliko mtu yeyote. Waliunda ushirika wa kuinunua gereji. Kila mmoja alitoa alichoweza, na waliokuwa hawawezi walitoa Jumamosi zao. Kulikuwa na ugomvi, kwa kawaida, watu wa Katanga na watu wa Kivu wakilaumiana nani anachelewa mikutanoni, na kwa mwezi mzima nani awe mweka hazina likawa suala la heshima za koo. Kabla ya kuwakopesha, benki iliomba ushahidi kwamba chuo kitadumu. Rolande akawaletea ile ripoti ya jalada la kung'aa, nao wakasoma muhtasari, wakaridhika. Mwenye gereji alisikia wanunuzi wapo, akajifanya anafikiri, akauza.

Kyungu aliomba aandikwe miongoni mwa waanzilishi. Alieleza kwa kirefu kwamba bila utafiti wake benki isingekubali, na hilo lilikuwa kweli. Maman Mauwa alimsikiliza hadi mwisho.

"Samedi kuko viti vya kubeba," alimjibu.

Alikwenda akabeba viti. Alivibeba vibaya, akagonga rangi mbichi ya ukuta, akaelekezwa na kijakazi mmoja wa zamani wa balozi ambaye sasa alikuwa mwanafunzi wa uhasibu na hakumjua ni nani. Hakujitambulisha. Mchana walikaa wote kwenye meza ndefu iliyotandikwa nje, na Kahambu akapita na sinia. Mbele ya Kyungu aliweka bugali, sombe na samaki mzima. Rolande alikuwa upande wa pili wa meza, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alimwambia kitu kwa Kiswahili. Alimwambia, "Kula."

Kyungu alikula. Jua lilikuwa limetoka, watoto wanakimbizana kati ya madawati, Dady anamnyoa mtu hadharani. Alihisi moyo wake umelegea. Alimwangalia Kahambu akiweka sahani, akiondoa sahani, watu wakipanga foleni hadi kwenye kona ya Mturuki, na akili yake, ambayo hakuwa ameialika, ikaanza kujisogeza.

"Kahambu," alisema kwa sauti ya kirafiki, akifuta vidole, "à peu près, kwa siku moja unapokeaka bateja bangapi?"

Kahambu alisimama. Maman Mauwa alisimamisha kijiko hewani. Hata wale waliokuwa wakibishana juu ya ufunguo wa choo waligeuka.

Kahambu aliinama, akaichukua sahani ya Kyungu na samaki wake nusu, akaiweka juu ya sinia, akaondoka nayo jikoni.

Rolande aliendelea kula.